Stima ikizimika, ulimi usizimike

AJALI haina kinga, walinena wahenga, wala hawakusema kwamba ajali ni ile ya barabarani pekee. Ipo ajali nyingine ambayo haimwagi damu wala haivunji mfupa, lakini humwachia aliyepatwa nayo kovu la miaka mingi. Ni ajali ya msemaji aliyesimama mbele ya umati, akafungua kinywa, na papo hapo kipaza sauti kikanyamaza, au picha zikatoweka ukutani, au taa za ukumbi mzima zikazimika kwa mpigo mmoja. Kijasho chembamba humtoka. Ulimi humwia mzito. Hadhira nayo, ambayo punde tu ilikuwa imetega masikio, huanza kunong'ona, kisha kucheka, kisha kutoa rununu mifukoni.

Zamani masaibu haya yaliwasibu wanasiasa, wahubiri na washereheshaji wa arusi. Leo yamebisha hodi madarasani. Mwanafunzi wa chuo kikuu hutetea tasnifu yake kwa slaidi. Mwenzake wa shule ya upili hueleza uvumbuzi wake katika maonyesho ya sayansi akiwa na tarakilishi mezani. Hata watoto wa shule za msingi, tangu serikali ilipoanza kuwasambazia vishikwambi mwaka wa 2016, hawashangai tena kuona somo likitokea kwenye kioo. Tumejitahidi, tena kwa gharama kubwa, kuwafunza vijana wetu namna ya kuitumia mitambo hii. Swali ninalotaka tulitafakari leo, walimu kwa wanafunzi, ni hili: je, tumewafunza la kufanya mitambo inapogoma?

Kwa maoni yangu, hatujawafunza. Na kutowafunza huko kunatugharimu zaidi ya tunavyodhani. Mwanafunzi aliyeaibika mbele ya wenzake kwa sababu ya waya uliochomoka aghalabu hajiambii kwamba waya ulichomoka. Hujiambia kwamba yeye hajui kusema mbele za watu. Akishaliamini hilo, hatainua mkono darasani, hatagombea uongozi wa chama cha mijadala, na siku atakapoitwa kwa mahojiano ya kazi ataingia akiwa ameshashindwa moyoni. Kasoro ya chuma imegeuzwa kuwa kasoro ya mtu. Hapo ndipo penye msiba.

Dakika 27 za kimya

Asije mtu akadhani kwamba mambo haya huwapata wanyonge na wasio na vifaa bora pekee. Mnamo Septemba 23, 1976, katika jiji la Philadelphia nchini Marekani, Rais Gerald Ford na mpinzani wake Jimmy Carter walikutana kwa mdahalo wa kwanza wa kampeni za mwaka huo. Wagombeaji wa urais walikuwa hawajajadiliana kwenye runinga tangu mwaka wa 1960, na mamilioni ya watu walikuwa wameketi kutazama. Mdahalo ulipokaribia ukingoni, Carter akiwa katikati ya maelezo yake, sauti ilikatika. Sehemu ndogo tu ndani ya mtambo wa kukuza sauti ilikuwa imeharibika.

Kwa muda wa dakika 27, watu wawili waliokuwa wakiwania kuliongoza taifa lenye nguvu kuliko yote duniani walisimama kila mmoja nyuma ya mimbari yake kama sanamu, bila kusemezana. Ni kweli kwamba mdahalo ule ulikusudiwa hasa watazamaji wa nyumbani, na hao wasingesikia lolote bila mtambo. Hata hivyo, kinaya cha mambo ni mahali penyewe. Ukumbi huo, Walnut Street Theatre, ulifunguliwa mwaka wa 1809, miongo mingi kabla ya kipaza sauti kubuniwa. Vizazi vya waigizaji walikuwa wamesema humo kwa mapafu yao wenyewe na wakasikika hadi viti vya nyuma. Usiku huo, mitambo iliponyamaza, hakuna aliyesubutu hata kuwajulia hali waliokuwa wameketi mbele yake.

Wawili waliopatwa na mkasa mmoja

Tutazame sasa wasemaji wawili waliopatwa na mkasa wa aina moja. Usiku wa Septemba 22, 1993, Rais Bill Clinton alisimama mbele ya mabunge yote mawili ya nchi yake kuhutubu kuhusu mageuzi ya huduma za afya. Viongozi wa nchi hiyo huwekewa vioo ambavyo hupitisha maandishi ya hotuba taratibu mbele ya macho yao. Clinton alipotazama, aliona hotuba nyingine kabisa: ile aliyokuwa ametoa mwezi wa Februari mwaka huo kuhusu uchumi. Alimgeukia makamu wake, Al Gore, aliyeketi nyuma yake, akamweleza kwa sauti ya chini. Gore akawaita wasaidizi, nao wakaanza kuhangaika. Clinton hakungoja. Aliendelea kusema kwa takriban dakika saba mpaka maandishi sahihi yalipopatikana, na wengi waliokuwa wakimsikiliza hawakutambua kwamba palikuwa na tatizo.

Mnamo Januari 6, 2014, jijini Las Vegas, mwelekezi mashuhuri wa filamu, Michael Bay, alialikwa na kampuni ya Samsung kuzungumza katika uzinduzi wa runinga zake mpya. Naye pia alitegemea maandishi ya kwenye kioo. Maandishi yalipovurugika, alijaribu kuendelea, akasita. Mwenyeji wake, kwa hisani, akamtupia swali jepesi la kumwokoa: runinga hii yenye kioo kilichopinda itabadilishaje namna watu wanavyozitazama filamu zako? Bay aliomba radhi, akageuka, akashuka jukwaani na kwenda zake.

Je, tofauti ya wawili hawa ni nini? Mwepesi wa kuhukumu atasema ni ujasiri. Mimi nasema sivyo. Mtu anayeelekeza filamu kubwa, akaamuru mamia ya watu, si mwoga. Tofauti ni umiliki wa maneno. Clinton alikuwa ameishi na suala lile kwa muda mrefu. Hotuba ilikuwa imeshaingia damuni kabla ya kuingizwa kwenye mtambo, kwa hiyo kioo kilipomsaliti hakikuondoka na chochote kilichokuwa chake. Bay alikuwa amekabidhi maneno yake kwa kioo, na kioo kilipozimika yalizimika nayo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Wala tusitie chumvi: mswada wa Clinton ulikwama bungeni mwaka wa 1994 licha ya umahiri wake wa usiku ule. Kuokoa hotuba si kuokoa hoja. Lakini hoja isiyosikika haina hata nafasi ya kushindwa.

Fanani hakuwa na waya

Ajabu ni kwamba sisi, miongoni mwa mataifa yote, ndio tusiopaswa kufunzwa jambo hili na wageni. Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili anayejiandaa kwa mtihani wa KCSE atakueleza maana ya fanani, hadhira na ufaraguzi. Atakutajia sifa za mtambaji bora: mcheshi, mkwasi wa lugha, mwenye kumbukumbu nzuri, mwenye kubadilisha sauti, mwenye kuisoma hadhira yake na kuibadilisha kazi yake papo hapo. Atapata alama zote. Kisha mwanafunzi huyo huyo atasimama kuwasilisha kazi ya mradi, slaidi zitakwama, naye atapigwa na butwaa kana kwamba hajawahi kusikia neno ufaraguzi maishani mwake.

Bibi aliyetamba hadithi jikoni hakuwa na waya wala swichi. Kuni zikifuka moshi, alisogea. Mtoto akilia, alimwingiza katika hadithi. Wasikilizaji wakisinzia, aliwarejesha kwa wimbo au kwa swali. Lile tamko la "Paukwa!" linalojibiwa "Pakawa!" si pambo. Ni njia ya kuhakikisha kwamba hadhira ipo, inasikia, na imekubali kushiriki. Kwa maneno mengine, fanani alipima mitambo yake kabla ya kuanza, na mitambo yake ilikuwa ni masikio ya watu.

Tumeyafanya maarifa hayo kuwa ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Hotuba nayo imepatwa na yayo hayo. Katika karatasi ya insha mtahiniwa anaweza kuagizwa aandike hotuba, naye ataiandika vyema, akianza kwa kuwatambua waheshimiwa wote kwa vyeo vyao; lakini huenda akamaliza miaka minne ya shule ya upili bila kusimama hata mara moja kuitamka hotuba aliyoiandika. Tunalea waandishi wa hotuba wasiojua kuhutubu, kisha tunastaajabu wakimezwa na mitambo.

Mgala muue na haki yake umpe

Haya yote hayana maana kwamba mitambo ni adui. Mnamo Agosti 28, 1963, zaidi ya watu 200,000 walikusanyika jijini Washington kudai haki za Wamarekani Weusi. Mwandalizi mkuu, Bayard Rustin, alikuwa amesisitiza kwamba lazima papatikane mitambo bora ya sauti, kwa kuwa umati usiosikia ni vigumu kuudumisha katika utulivu. Mkesha wa mkutano mitambo hiyo ikagunduliwa imehujumiwa. Waandalizi waliwasiliana na serikali, na mafundi wa jeshi wakaifanyia kazi hadi ikafaa. Kesho yake Martin Luther King alisikika.

Lakini tukumbuke na upande wa pili wa kisa hicho. King alikuwa na hotuba iliyoandikwa. Alipofika karibu na mwisho, mwimbaji Mahalia Jackson alimpazia sauti akimhimiza awaambie watu kuhusu ndoto yake. King aliyaacha maandishi, na sehemu ya hotuba inayokumbukwa na dunia nzima ndiyo hiyo isiyokuwa kwenye karatasi. Basi siku moja ilihitaji yote mawili: fundi aliyejua waya, na msemaji aliyejua moyo wake. Anayemwambia mwanafunzi achague moja kati ya hayo anampotosha.

Akiba haiozi, lakini hupimwa

Tuje nyumbani. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, ikajizima. Mitambo mingine ikalemewa, na nchi nzima ya Kenya ikakosa stima kwa saa kadhaa. Tumbili alinusurika. Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea tena karibu kote nchini, na hata sehemu ya uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta ikabaki gizani kwa kuwa jenereta iliyotegemewa haikuwaka. Msemaji yeyote wa Kenya anayepanga mawasilisho yake kana kwamba stima haiwezi kupotea amesahau anaishi wapi.

Kisa cha uwanja wa ndege kina funzo la pekee. Akiba ilikuwepo, isipokuwa haikufanya kazi ilipohitajika. Akiba isiyopimwa si akiba, ni matumaini. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema "nina nakala nyingine" aulizwe: umeifungua? Umeifungua katika tarakilishi ile itakayotumiwa, si yako ya nyumbani? Mara nyingi kazi iliyoandaliwa kwa programu mpya hukataa kufunguka katika tarakilishi ya shule yenye programu kuukuu, au hufunguka ikiwa imepoteza mwandiko wake na mpangilio wake. Nakala ya pili iliyohifadhiwa kwa muundo wa PDF haibadiliki ovyo. Nakala ya tatu iwe ya karatasi. Karatasi haihitaji soketi.

Mtandao nao usitegemewe ukumbini. Mnamo Juni 2010 mkuu wa kampuni ya Apple, Steve Jobs, alikuwa akiionyesha dunia simu mpya ya kampuni yake jijini San Francisco. Kurasa zikakataa kufunguka. Sababu ilikuwa kwamba mle ukumbini mlikuwa na vifaa zaidi ya 500 vya waandishi na wageni, kila kimoja kikirusha mtandao wake hewani na kuvuruga vingine. Ilimbidi awaombe waliohudhuria wavizime. Ikiwa tajiri yule katika maonyesho yake mwenyewe alikwama, seuze mwanafunzi anayetegemea vocha ya shilingi 50? Video unayotaka kuionyesha ipakue siku iliyotangulia.

Kipaza sauti kinahitaji maelezo kidogo, kwa maana ndicho kinachoaibisha wengi. Ule mlio mkali unaokwaruza masikio hausababishwi na shetani wala na fundi mlevi. Hutokea sauti inayotoka kwenye spika inapoingia tena katika kipaza sauti, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia tena, na kadhalika bila kikomo. Tiba yake ni kuvunja mzunguko huo: usisimame mbele ya spika, simama nyuma yake, usikielekeze kipaza sauti upande wake, usikifumbate kichwa chake kwa kiganja kama wafanyavyo waimbaji wa kwenye runinga, na mwenye mtambo apunguze sauti kidogo. Wala usikipulizie wala kukigonga ili kujua kama kinafanya kazi. Kipime kwa kusema, kwani ndiyo kazi yake.

Projekta nayo ina tabia zake. Picha isipotokea ukutani, mara nyingi tarakilishi haijaamriwa kuipeleka huko. Katika tarakilishi nyingi zinazotumia Windows, kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi P huleta orodha ya kuchagua. Na projekta inayotumia balbu ya joto, stima ikikatika na kurudi, iachwe ipoe dakika chache kabla ya kuwashwa tena. Kuilazimisha ni kuiharibu, na nyingi ya shule zetu hazina ya pili.

Haya yote hufanywa kabla ya hadhira kuingia. Msemaji afike mapema, aambatane na mwenzake mmoja, na wakubaliane: mimi ni wa kusema, wewe ni wa waya. Hakuna jambo linaloiua hotuba kama msemaji aliyeipa hadhira kisogo, ameinama chini ya meza akitafuta soketi.

Saa ya mkasa ifikapo

Na ikiwa, licha ya tahadhari zote, mambo yataharibika? La kwanza ni kutulia. Sekunde kumi za kimya humwia msemaji kama saa nzima, ilhali kwa hadhira ni pumzi moja tu. La pili ni kulisema tatizo mara moja, kwa maneno machache, bila kulalamika na bila kumtaja wa kulaumiwa: "Picha zimetoweka, mwenzangu anazishughulikia, sisi tuendelee." Kuomba radhi mara saba hakurejeshi stima. Huwafanya tu wasikilizaji wamwonee msemaji huruma, na anayeonewa huruma si rahisi kuaminiwa.

La tatu ni kujiwekea mpaka. Fundi apewe dakika mbili. Zikipita, mtambo usahauliwe na hotuba isonge mbele hata kama utarudi baadaye. Nimewaona wasemaji wazuri wakila robo saa ya muda wao wakibembeleza projekta, na ilipokubali hatimaye hapakuwa na muda wa kusema lililowaleta.

La nne ni ucheshi, ila uwe wa kiasi. Mnamo Aprili 1998 jijini Chicago, Bill Gates alikuwa akionyesha programu mpya ya Windows 98 pamoja na msaidizi wake, Chris Capossela. Msaidizi alipounganisha kifaa kimoja na tarakilishi, kioo kikageuka samawati na kila kitu kikagoma mbele ya umati. Watu waliangua kicheko. Gates akasema, kwa maana, kwamba bila shaka hiyo ndiyo sababu bado hawajaanza kuiuza. Jobs naye, mnamo Januari 2007, kidude chake cha kusogezea slaidi kilipokataa, alisimulia kisa cha ujana wake: jinsi rafiki yake Steve Wozniak alivyounda kifaa cha kuvuruga picha za runinga, wakakitumia kwa siri bwenini na kuwafanya wanafunzi wajipinde kila namna wakidhani mkao wao ndio unaorekebisha picha. Kisa kilipokwisha, slaidi zilikuwa tayari. Kila msemaji na awe na kisa kimoja kama hicho kibindoni, kifupi, kinachohusiana na mada yake.

La tano, na ndilo kubwa, ni kugeuza kilichokuwa cha kuonekana kiwe cha kusikika. Jedwali likipotea, usiseme "mngeona hapa kwamba." Sema: "katika kila wakulima kumi tuliowauliza, saba walituambia hivi." Mchoro ukipotea, chora ubaoni. Chaki ndiyo akiba yetu kongwe kuliko zote, na bado ipo katika kila darasa. Ukumbi ukiwa na giza na hakuna cha kuonwa, shuka jukwaani, sogea karibu na watu, punguza kasi ya maneno na uyatamke hadi silabi ya mwisho. Kupiga kelele si kusikika.

Ili aweze hayo, msemaji hana budi kuijua mifupa ya hotuba yake. Simshauri mwanafunzi akariri neno kwa neno, kwa kuwa aliyekariri akisahau neno moja hupotewa na yote. Aandike hoja zake kuu tano katika kadi moja, sentensi ya kufungulia na sentensi ya kufungia. Akiwa na hizo saba, ana hotuba. Slaidi zote nyingine ni nguo. Na ikiwa akivuliwa nguo hizo hapabaki mwili, basi tatizo halikuwa stima. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wajibu wetu sisi tunaosikiliza

Nimesema mengi kuhusu msemaji, tusiwasahau walioketi. Hadhira inayozomea mtoto ambaye kipaza sauti chake kimekatika inamfunza yeye na wote wanaotazama kwamba ni salama zaidi kunyamaza. Mwalimu ndiye wa kuzuia jambo hilo, tena kwa kitendo: ainuke, amwambie mwanafunzi kwa utulivu, "Endelea, mwanangu, tunakusikia," kisha yeye mwenyewe amgeuzie uso wote. Darasa hufuata macho ya mwalimu.

Waamuzi wa mashindano nao wajiulize wanatuza nini. Mtoto wa shule yenye jenereta, projekta na mwalimu wa tarakilishi hushindana na mtoto wa shule ambayo kipaza sauti hukodishwa siku ya wazazi tu. Dau la mnyonge haliendi joshi. Tukitoa alama kwa ung'avu wa slaidi, tunatuza mfuko wa mzazi. Tukitoa alama kwa hoja, mpangilio, lugha na namna mwanafunzi alivyoyakabili yaliyomzukia, tunatuza akili. Wala sitaki kudai kwamba asiye na vifaa ana bahati kwa kuwa hana cha kuharibika. Huo ni utani wa walioshiba. Kila shule inastahili vifaa. Ninachodai ni kwamba, vikiwepo au visiwepo, mizani iwe moja.

Kwa hiyo ninapendekeza zoezi moja lisilohitaji hata senti. Mara moja kila muhula, mwanafunzi awasilishe kazi yake darasani kwa vifaa alivyonavyo, na katikati ya mawasilisho, bila kutangaza ni saa ngapi, mwalimu avizime. Mwanafunzi aendelee kwa dakika tano kwa sauti yake, mikono yake na ubao. Kisha darasa lieleze lilielewa nini kabla na lilielewa nini baada. Mara ya kwanza patakuwa na kigugumizi na vicheko. Mara ya tatu mtashangaa kuona kwamba aghalabu dakika hizo tano ndizo zinazokumbukwa, kwa sababu ndizo ambazo mwanafunzi aliacha kuusomea ukuta akaanza kusema na watu. Walimu wanaosomea kazi vyuoni nao wapitie zoezi hilo hilo, tena kabla hawajatumwa mashinani, kwa kuwa asiyeweza jambo hawezi kulifunza.

Wazee walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Mitambo ni msala mzuri, na tuutandike kila tunapoupata. Mbachao wetu ni ulimi, kumbukumbu na ile nia ya kutaka mwenzako aelewe unalomwambia. Huo hauchajiwi, haukodishwi, na hakuna tumbili awezaye kuuzima.